Minyoo wa Malisho ya Baba

Kazi yangu ni kuangalia minyoo wa udongo, wale wasioonekana ila kwa hadubini, katika maabara moja huko Industrial Area, Nairobi. Jioni narudi nyumbani mtaani Tassia shingo imekakamaa, macho yanawasha. Baba, niliyemleta kuishi nami alipokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, hakuielewa kazi hiyo.

"Minyoo? Mbuzi wangu si wanayo tele?"

"Si hao, Baba. Hawa wanaishi ardhini."

Krismasi moja nilikwenda nyumbani Ukambani, ambako kaka yangu anachunga mbuzi wa Baba. Malisho yalikuwa yameliwa hadi kwenye mizizi. Nyasi zilibaki tu ndani ya ua wa makaburi yetu, mahali mbuzi hawaingii. Nikachota udongo huku na kule, nikarudi nao Nairobi.

Udongo wa makaburini ulikuwa na minyoo wa kila aina, hata wale wakubwa wanaowinda wenzao. Ule uliokanyagwa na mbuzi ulibaki zaidi na wale wanaofyonza mizizi ya nyasi.

"Ardhi imechoka," nilimwambia Baba. "Tuigawe vipande, mbuzi wachungwe hapa, pale papumzike."

"Kumbe nayo huchoka?" Kisha akampigia kaka simu.

Kaka alizungushia kipande kimoja matawi ya miiba. Mvua zikaja vizuri, nyasi zikaota. Nilipochota tena udongo wa pale, niliwaona wale wawindaji, wachache mno.

"Wamerudi?" Baba aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Wameanza."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke hospitali.

Msimu uliofuata mvua haikunyesha. Kaka alipiga simu: mbuzi wanatafuna maboksi, wengine ameshawaleta machinjioni Kiamaiko, huku Nairobi, na nyasi zilizobaki ni zile za ndani ya miiba na za makaburini tu.

Baba alinigeukia. "Tukifungua, wale wako watakufa?"

"Wengi."

"Na tusipofungua?"

Nilijua anawawaza mbuzi wake. Nilikuwa nimechoka, na jibu alikuwa nalo.

"Fungua," alisema kwenye simu.

"Pote? Hata makaburini?" kaka aliuliza.

"Pote."

Akaiweka simu kitandani, akalala akitazama ukuta. Nami nikawasha jiko nipashe githeri ya mahindi na maharagwe, maana hakuna aliyekuwa amekula tangu asubuhi.