Mlinzi wa Ndani ya Kabati

Mume wa dada yangu tunamwita Bwana Kijani, na jina hilo hakulipata kwa kupenda mboga. Ni mkuu wa kompyuta katika ofisi ya maji, na tangu nimfahamu, akiamka haulizi watu wa nyumbani wameamkaje. Anampigia simu askari wa getini: "Taa ziko kijani?"

Taa zenyewe ni za seva, kompyuta nyembamba zilizopangwa wima ndani ya kabati moja kama sahani kwenye kichanja. Ndani ya kila seva zinaishi seva pepe, ambazo huwezi kuzishika, lakini ndizo zinazotunza ankara za mji mzima. Kwa ajili ya taa hizo shemeji alikosa kuzaliwa kwa binti yake, akakosa siku yake ya kwanza shuleni, na keki zake zote za kuzaliwa alizikuta makombo. Hatukumlaumu. Tulishachoka kumlaumu.

Binti alipokaribia kuhitimu chuo akamwambia, "Baba, siku hiyo nakutaka mwanzo mpaka mwisho. Ukiondoka katikati, usije kuniomba msamaha tena."

Safari hii shemeji alitikisika. Akaenda kwa wakubwa kuomba programu ya kuzifuatilia seva, joto lake, feni zake, umeme wake, na hitilafu ikitokea impigie simu. Akaibatiza jina, Mlinzi. Mwezi wa majaribio ulikuwa mtamu kama fungate. Ulipokwisha tukaujua utu wa walioitengeneza: bure, Mlinzi atakuonyesha nyumba inaungua, ukitaka apige kelele, kata leseni. Tena kila seva na leseni yake. Shemeji, kwa bidii zake, akaziombea na zile seva pepe, mpaka muuzaji mwenyewe akamwonea huruma na kumweleza kuwa kisichoshikika hakina feni. Leseni ikapatikana, simu za asubuhi kwa askari zikakoma, nyumba nzima tukapumua.

"Na huyo Mlinzi mwenyewe umemweka kwenye kompyuta gani?" nilimuuliza.

"Humohumo kabatini, shemeji. Nafasi ipo tele. Niombe kompyuta nyingine, wanikalishe kikao kingine?"

Nikaona kweli dada yangu ameolewa na mtu mwenye akili.

Siku ya mahafali alikaa mstari wa mbele, suti imenyooka, simu juu ya goti. Kila baada ya hotuba anaichungulia, kisha ananigusa kiwiko. "Kimya. Umeona faida ya leseni?" Binti alipoitwa, shemeji aliruka akapiga vigelegele, kazi ambayo ni yetu wanawake, na akaifanya vibaya sana. Binti akamwona kutoka jukwaani, akasahau kumpa mkono mkuu wa chuo. Mimi na mdomo wangu huu wote nililia.

Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Kesho yake, Jumapili, tumejaa sebuleni, shemeji akafungua kompyuta yake atuonyeshe jinsi Mlinzi alivyokesha kazini. Hakuna kitu. Akajaribu tena, hakuna. Akatoka mbio na kandambili.

Aliporudi jioni alikuwa na uso wa mtu aliyetoka msibani. Kifaa kinacholisha kabati umeme kiliungua Jumamosi asubuhi, sisi hata ukumbini hatujafika. Seva zote zilizimika kwa mpigo, na Mlinzi akazimika nazo, leseni yake halali kabisa. Mganga hajigangi, na marehemu hatoi taarifa ya kifo chake mwenyewe.

"Kesho namtoa humo," shemeji alisema, akijiangusha kwenye kochi. "Namweka kwenye kompyuta ya pembeni, yenye umeme wake. Halitatokea tena hili."

Binti alikuwa anakunja joho lake la mahafali. Akasimama nalo mkononi.

"Kwa hiyo jana angekupigia, ungeondoka?"

Shemeji ana kasoro nyingi, lakini uongo haujui. Alimtazama dada yangu, akanitazama mimi, hakuna aliyemsaidia.

"Ningeondoka, mama."

Binti akamaliza kulikunja joho, taratibu, pindo juu ya pindo.

"Basi mwache humohumo."