Kuchuma kwa Hasira

Mwezi jana nilirudi Mogogosiek, na harufu ya majani ya chai yanayokaushwa kiwandani ikanipokea kabla ya mtu yeyote. Utaniwia radhi, rafiki, nikikaa kidogo na siku moja ya miaka ya tisini.

Likizo ya Agosti niliipitisha kwa nyanya yangu, tuliyemwita Kogo. Asubuhi tulikunywa mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa unga wa mkaa, kisha tukaingia shambani umande ukiloweka sketi zetu. Sheria yake ilikuwa moja: majani mawili na chipukizi lake, basi.

Siku hiyo nilikuwa nimevimba kwa wivu. Sweta aliyoifuma msimu mzima, nikiamini ni yangu, alikuwa amempa binamu yangu. Nilichuma kama mtu anayeng'oa nywele za adui.

Kwenye kituo cha kununulia majani, karani alimwaga kikapu changu juu ya gunia. Vijiti vitupu, na majani magumu kama ngozi.

“Mama, haya ni ya ng'ombe,” alimwambia Kogo.

Jirani akacheka. “Na ng'ombe mwenyewe atayakataa!”

Lori la kiwanda lilikwisha kusikika likipanda mlima. Lisipoyakuta yamechambuliwa, jasho la siku nzima lingetupwa.

Kogo alipiga magoti, akaanza kuchambua. Hakunigombeza.

“Tangu asubuhi ulikuwa unachuma nani?”

“Wewe, Kogo.”

“Ni hiyo sweta?”

Nikalia mbele ya watu wote.

“Haya, nikasirikie, nimekuruhusu. Lakini majani hayajakukosea. Piga magoti tumalize.”

Tulichambua bega kwa bega. Lori lilichukua nusu ya kikapu. Nusu nyingine tuliimwaga chini ya michai. Sababu ya sweta hakunieleza, nami sikuwa na haki ya kuidai.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na nimewaona watu wazima wakiharibu kazi, ndoa na watoto kwa hasira wasiyothubutu kuitaja. Wengine huimeza, wengine humtapikia yeyote aliye karibu. Mimi nilimpata mtu aliyenifunza kuipeleka hasira kwa yule inayemhusu, kisha nirudi kazini.

Kogo ametutoka. Kituo kimebomolewa, na kwenye mashamba makubwa ya jirani majani hukatwa kwa mashine. Mashine haina wivu; hukata majani machanga na magumu pamoja, na hakuna anayeipigisha magoti. Namshukuru Mungu kwamba mimi nilipigishwa.