Kitana cha Mwalimu na Mwiba wa Susu

Ijumaa hii binti yangu amerudi kutoka shule akiwa ameshika kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Yuko gredi ya nne hapa Migwani. Nilikuwa jikoni nakoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikakisoma nikiwa na mwiko mkononi. Mwalimu anasema Jumatatu kitana kitapitishwa kwenye vichwa vya wasichana wote wakiwa paredi. Kikikwama, mtoto ananyolewa papo hapo. Nilicheka kwanza, rafiki yangu. Halafu nikakasirika mpaka maharagwe yakashika chini ya sufuria.

Nilicheka kwa sababu kitana hicho nakijua. Tulikutana zamani, huko milima ya Kilungu, nilipokuwa darasa la tano nikiishi na susu. Hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Mama alikuwa akifanya kazi mbali, na mimi nilikuwa mtoto wa susu kwa kila kitu: kuchota maji kwenye chemchemi, kuchambua maharagwe, kuokota machungwa yaliyoanguka kabla mbuzi hawajayafikia.

Susu alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge. Mpaka wa shamba lake ulikuwa mkonge mtupu. Alikata majani, akayakwangua mpaka yakabaki nyuzi nyeupe, akazianika juani, kisha akaketi na kuzisokota juu ya paja, mbili mbili, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani. Akienda sokoni alisuka akitembea. Akisimama kusalimia mtu, mkono mmoja ulisalimia na mwingine ukaendelea na kazi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkonge mbichi natamani kulia, na sioni haya kusema.

Nywele zangu ni zile zinazojiviringa kama springi ndogo za kalamu. Ukiziosha zinarudi kichwani kana kwamba zimeogopa. Zina tabia moja ambayo wenye nywele kama hizi wanaijua: unywele mmoja, peke yake, bila kugombana na mwenzake, unajipinda na kujifunga fundo. Fundo lenyewe ni dogo kama chembe ya mchanga. Huwezi kuliona, lakini ukipitisha vidole utalikuta. Na kitana kitalikuta kabla yako.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa na upara uliong'aa kuliko kengele ya shule. Kitana alichobeba kwenye mfuko wa shati hakikuwa na kazi nyingine duniani ila vichwa vyetu. Jumatatu moja alinifikia, akakichomeka, akavuta. Kikakwama. Akavuta tena, jino moja likavunjika.

"Hii ni nywele ama ni ile kitu ya kusugua sufuria?" aliuliza. Shule nzima ikacheka. "Nakupatia wiki moja. Monday ijayo kitana ikikwama, nanyoa."

Nilifika nyumbani nikilia. Sikutaka kunyolewa. Kichwa kile ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho mama, kila aliporudi, alikishika kwanza kabla hata ya kunisalimia. Mama mdogo, aliyekuwa na kibanda cha saluni Mbumbuni, alituma habari kwamba nipelekwe anipake dawa ya kulainisha, mambo yaishe. Susu alisema dawa ile ipakwe mwalimu.

Basi akaleta kigoda, akaniketisha katikati ya magoti yake, akatoa mwiba. Ulikuwa mwiba wa mgunga, mrefu, uliokuwa laini kwa kushikwa miaka mingi. Aliutumia kufungua mafundo ya nyuzi za kyondo, kwa maana kwake uzi haukukatwa hata siku moja. Alipasha mafuta ya nyonyo kwenye kijiko, akachukua nywele chache chache, akatelezesha vidole kutoka kwenye ngozi mpaka nchani. Akilikuta fundo, tone la mafuta. Kisha ncha ya mwiba inaingia kwenye kitanzi, inatikisika kidogo, kitanzi kinapanuka, unywele unatoka mzima. Kila jioni, tangu Jumatatu hiyo hadi Ijumaa, tulikaa hivyo mpaka jua liliposhuka nyuma ya kilima. Sehemu iliyokwisha aliisokota mbili mbili kama mkonge, na wakati wa kulala akanifunga kichwa kwa kipande cha kamisi yake kuukuu, kwa sababu, alisema, pamba inakwaruza na nailoni inateleza.

Kazi ilibaki upande wa kulia mbele. Jumamosi susu alienda mkutano wa akina mama kanisani, na mimi nikapata akili zangu mwenyewe. Nilichukua wembe, nikakaa mbele ya kioo kilichopasuka, nikaanza kukata mafundo moja baada ya jingine. Lilikuwa jambo rahisi kweli. Niliona nimemsaidia bibi wa watu.

Aliporudi aliona nywele chini. Hakunipiga. Aliinama akaziokota, akaziweka kwenye kiganja, akaniita nitazame.

"Ona hii, mwana wakwa," alisema. "Fundo ni hapa tu. Na hii yote nyingine ilikuwa mzima. Ilikukosea nini?"

Nililia tena, lakini mara hii ni kwa aibu. Kazi aliyoifanya kwa siku tano niliimalizia vibaya kwa dakika kumi.

Jumatatu, susu alisema anapita njia ya shule kwenda sokoni. Tangu lini soko likawa Jumatatu, sikuuliza. Alisimama langoni na kyondo ambacho hakijakwisha, anasokota. Mwalimu akanifikia. Kitana kikapita nyuma. Kikapita kushoto. Nikaanza kupumua. Kikafika kulia mbele, kwenye vishina nilivyoacha na wembe.

"Na hii imekuliwa na panya?" alisema. "Hizi nywele hazina adabu. Nanyoa zote."

Akageuka kutafuta mkasi, akamkuta susu amesimama nyuma yake. Lazima uelewe susu alikuwa nani. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mtu aliyempa mwalimu huyo mkono mlangoni kila Jumapili. Hakuna mtu, hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja, aliyewahi kumwona bila kitambaa kichwani. Aliweka kyondo chini. Akafungua kitambaa chake cha maua ya njano.

Nywele zikasimama. Nyeupe, nzito, zimejiviringa kama zangu, zimejaa mafundo kama yangu. Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, anza na hii yangu," alisema. "Ikikwama, ninyoe. Halafu huyu mtoto nitakushikia mwenyewe."

Mwalimu alitazama chini, akatazama kitana, akakirudisha mfukoni.

"Mama, tafadhali, funga kichwa basi."

"Nifunge nini? Si wewe unataka kuona nywele?"

Hakufunga. Alisimama pale mpaka kengele ikalia, kisha akarudi nyumbani kupitia njia panda, mchana kweupe, kichwa wazi. Akina mama wa kanisa walinong'ona mwezi mzima. Susu alisokota mkonge wake. Nami sikunyolewa.

Leo susu amelala chini ya michungwa yake. Mkonge uling'olewa, na mpaka wa shamba sasa ni waya. Mwiba sijui ulipotelea wapi, nimeutafuta sana. Chemchemi ilikauka, na vyondo nikiviona sokoni vingi ni vya nyuzi za plastiki. Vitu vyote vile nilivyovipenda vimeondoka, na kitana kimebaki. Hicho ndicho kinachonichoma.

Nimempaka binti yangu mafuta. Ameketi katikati ya magoti yangu, nami natumia sindano ya kushonea badala ya mwiba. Amechoka, ananiuliza, "Mum, si ukate tu?" Namwambia hapana. Sifungui ili kitana kipite. Nafungua kwa sababu unywele ni mzima, na ni wake. Mafundo yatakayobaki Jumatatu yatabaki, na mwalimu atayakuta.

Mimi si mtu wa kufunga kitambaa. Hata kanisani naenda kichwa wazi, wamenizoea. Lakini cha susu ninacho sandukuni, kile cha maua ya njano. Jumatatu asubuhi nitakifunga vizuri, niende na binti yangu mpaka paredi, nipate cha kufungua.