Tajiri Mwema wa Katubuka

Anatoli Gwimo hakuwahi kusema kwamba anafanya kazi ya maigizo. Alisema amezaliwa nayo. Babu yake, Bonifasi, aliwachekesha vibarua wa reli pale Kigoma kwa kujiangusha. Alijua namna saba za kuanguka, na ya saba ilimvunja kiuno. Baba yake, Leonardi, aliongoza kikundi cha ngonjera kilichomsifu kila mkubwa aliyeshuka kwenye treni. Siku moja kilimsifu mkata tiketi beti kumi na mbili kabla mtu hajagutuka.

"Sanaa imo damuni mwetu," Anatoli alikuwa akituambia. Sisi wa mtaa wa Katubuka hatukubisha. Tulidhani tu kwamba kwake damu hiyo ilikuwa haijapanda kufika usoni.

Mwaka 1989 alinunua ghala kuukuu la mawese, akapanga mabenchi, akaandika ukutani: UKUMBI WA MAIGIZO WA GWIMO NA WANAWE. Wanawe wote watatu walikuwa wamekwisha hamia Mwandiga, na wakija mjini walipita upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa mwenye ukumbi, mtunzi, mwelekezaji na, katika kila igizo, shujaa. Akiwa na miaka hamsini na tatu bado alicheza kijana anayekwenda kuposa. Mvua ikipiga mabati hatukusikia neno hata moja, na Jumapili za namna hiyo watu walitoka wameridhika.

Ikaja Oktoba 1993. Burundi ikachafuka, watu wakamiminika kwetu, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi. Asubuhi tuliwahurumia, jioni tukawalaumu kwa kupanda kwa bei ya unga. Anatoli akanusa faida, akatunga igizo aliloliita Shukrani za Mgeni: tajiri mwema, yaani yeye, anampokea mama mkimbizi na kumlisha, na mama huyo anamwibia sufuria.

"Kwa nini lazima awe mwizi?" mkewe Winfrida alimuuliza.

"Watu wanataka ukweli," alijibu, huku akijibandika ndevu za pamba.

Mwizi alitaka awe Mrundi halisi. Akamchukua Spesioza, aliyekuwa mwalimu kule Rumonge na sasa alifua nguo za watu mtaani kwetu, zikiwamo za Anatoli mwenyewe.

"Mzee, mimi sijawahi kuiba," Spesioza alisema.

"Huibi. Unaigiza."

"Na kesho nikija kufua, nani atanifungulia mlango?"

Anatoli alimwambia hayo ndiyo mateso ya msanii. Spesioza alikuwa na njaa, akakubali.

Jumapili ya kwanza alisema alivyofundishwa, nasi tukapiga miayo. Jumapili ya pili tajiri alimkamata na kuuliza kwa sauti nene, "Mwanamke, sufuria hii umeitoa wapi?" Hapo alipaswa kupiga magoti. Badala yake aliigeuza sufuria, akaitazama kitako.

"Hii? Nimeibeba kichwani toka Rumonge. Ya kwako ni ipi, mzee? Tangu nifike sijaona ukipika."

Ukumbi ukacheka. Anatoli, ambaye alijua maneno yake tu, akarudia swali lile lile kwa sauti zaidi.

"Nimekwisha jibu," Spesioza alisema. "Sasa na mimi nikuulize. Bibi yako alitoka wapi?"

Tajiri akazishika ndevu zake. Mtu wa benchi la nyuma akamjibia: "Makamba." Tulicheka mpaka machozi, kwa kuwa nusu yetu tulikuwa na bibi wa kule kule Burundi na hatukupenda kuulizwa.

Anatoli alimfukuza. Jumapili iliyofuata walikuja watu kumi na mmoja, wawili kati yao wakitafuta choo. Akamrudisha, akatangaza kwamba maneno yote yale aliyatunga yeye. Kwa miaka mitatu ukumbi ulijaa. Spesioza alibadili majibu kila wiki, na Anatoli aliwaambia wageni kwamba amemfinyanga toka udongo mbichi.

Kisha ikatoka amri kwamba wakimbizi waliokaa mjini waende kambini. Mjumbe wa mtaa alimfuata Anatoli ukumbini.

"Ukisema ni mtu wako wa kazi, nitajaribu kumtetea," alisema. "Unamjua?"

Siku hizo watu walikuwa wameanza kuuita ukumbi ule "kwa Spesioza". Anatoli aliangalia jina lake pale ukutani.

"Ninachojua," alisema, "ni kwamba anafua."

Spesioza akapandishwa kwenye lori.

Anatoli alijaribu kucheza nafasi zote mbili, kanga kichwani, ndevu kidevuni. Baada ya miezi mitatu ya mabenchi matupu akaomba nafasi juu ya lori la maharage, akaenda kambini upande wa Kasulu kumjulisha Spesioza kwamba amemsamehe. Alimkuta uwanjani anaigiza mbele ya umati ambao ukumbi wake usingeubeba hata kama ungejaa mara nne.

"Shikamoo, mzee," Spesioza alimwambia baadaye. "Umekuja vizuri. Hatuna mtu wa kucheza tajiri."

"Ana maneno mengi?"

"Hana hata moja. Anakaa kitini, watu wanamwona."

Anatoli aliitazama heshima ya ukoo wake, akautazama umati, akaenda kukaa kitini. Wanasema hajawahi kuigiza vizuri kama siku ile.

Aliporudi alitutangazia kwamba amefungua tawi. Ukumbi wa Katubuka akawakodisha wauza maharage, na kila mwezi akawa anapanda lori lao kwenda kukagua tawi lake.

"Ulimwomba radhi?" Winfrida alimuuliza.

Alisema hakupata nafasi. Watu walikuwa wengi mno.