Gari Lilirudi Kwao

Miaka ile maduka ya Arusha yalikuwa yamejaa tena. Sabuni ilirudi, betri zikarudi, na mitumba ikatundikwa mpaka kwenye uzio wa watu. Kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara alikigeuza biashara. Bosi wangu, Mchaga aliyekuwa mhasibu wa shirika la umma hadi lilipofungwa, alifungua ofisi ya kupeleka watalii mbugani. Alikuwa na Land Rover kuukuu, simu iliyofanya kazi inapotaka, na mimi. Nilipokea wageni, nilipika chai, nilijibu simu, na Kiingereza changu cha sekondari ndicho kilichokuwa mtaji wa ofisi.

Wazee wawili wa Kizungu walipoingia uani na gari lao tulidhani ni lori limepotea njia. Lilikuwa gari refu jeupe, lenye madirisha ya mapazia ya maua. Bosi alitoka na kalamu sikioni, akalizunguka.

"Hii nyumba au gari?" aliniuliza kwa Kiswahili.

Mzee aliyekuwa kwenye usukani alielewa bila kutafsiriwa. Akacheka, akafungua mlango wa ubavuni, akatukaribisha ndani. Kulikuwa na kitanda, sinki, jiko la gesi, na kabati la vyombo lililofungwa kwa kamba ili sahani zisivunjike. Walikuwa Waholanzi. Maisha yao yote walikuwa na duka la mikate. Mzee alioka, mkewe aliuza. Walipozeeka waliuza duka pamoja na nyumba iliyokuwa juu yake, wakanunua lile gari, wakalishusha Afrika mpaka kwetu. Hawakuwa na nyumba nyingine. Mama yule alinionyesha shuka lililotandikwa, akasema, "Hapa ndipo kwetu." Nilimwonea wivu kidogo. Mimi nilikuwa bado nalala chumba kimoja na binamu zangu.

Tuliwaandalia vibali, wakaenda kupiga kambi Momela, ndani ya hifadhi, karibu na maziwa yake. Walitaka kuuona mlima Meru asubuhi ukiwa hauna wingu.

Siku chache baadaye mama yule alikuja ofisini peke yake, ameletwa na gari la askari wa hifadhi. Alivaa kandambili, miguu ina matope mpaka vifundoni. Alisema mumewe alikuwa ameamka akitaka kuchemsha kahawa, akaangukia kwenye sinki, na tangu hapo upande mmoja wa mwili haukumtii. Askari walikuwa wamemkimbiza hospitali ya mjini. Gari lilibaki kule ziwani, mlango wazi, kahawa mezani. Alikuja kwetu kwa sababu katika nchi nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyemjua.

Bosi alinitazama. "Nenda naye," alisema. "Kazi ya hapa nitaifanya mwenyewe."

Hospitalini nilimkuta yule mzee aliyekuwa amecheka uani. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Jicho moja lilitufuata na jingine halikutufuata. Mkewe alimshika mkono ule uliokufa, na sikuthubutu kumwambia ashike mwingine. Daktari aliniita pembeni.

"Ni kiharusi," alisema. "Kwao wana mashine na wataalamu. Sisi tutamlaza, tutamgeuza, tutasubiri. Kama wana bima ya kumsafirisha, waitumie upesi."

Bima walikuwa nayo. Mama alikuwa ameibeba ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati za kusafiria. Tulikwenda kwenye duka la simu lililofunguliwa karibu na mnara wa saa, tukapanga foleni nyuma ya wafanyabiashara wa madini waliokuwa wakipigia kelele simu za Nairobi. Namba iliyoandikwa kwenye hati ya bima nayo ilikuwa ya Nairobi, ya wakala wa kampuni yao. Mama Kiingereza kilimponyoka kwa woga, akanikabidhi mkonga wa simu.

Sauti ya yule wakala ilikuwa ya upole, ya mtu aliyezoea. Nikamsomea namba ya hati. Nikamweleza.

"Pole sana," alisema. "Dereva akiugua, sisi tunatoa dereva wa kulirudisha gari. Huyo mama ana leseni?"

Nikamuuliza. Akasema ndiyo, aliipata akiwa msichana.

"Anayo, lakini..."

"Dada, hiyo lakini ndiyo itanisumbua. Kama yupo mwingine mwenye leseni, bima haitoi dereva. Aendeshe yeye."

Nikamweleza kwamba hajashika usukani tangu azae mtoto wake wa kwanza, ambaye naye alikufa mdogo, na kwamba ana ukungu machoni, mtoto wa jicho. Wakala akasema tupate cheti cha daktari wa macho, basi atalipeleka suala mbele. Nikamshukuru. Kisha nikauliza lile nililodhani ni jepesi.

"Na mgonjwa? Ndege yake inakuja lini?"

"Ndege gani?"

"Ya kumrudisha kwao."

"Dada yangu, hii ni bima ya gari," alisema, na sauti yake ikashuka. "Ya mtu ni nyingine. Muulize mwenyewe kama waliichukua."

Sikuhitaji kuuliza. Mama alikuwa akinisoma uso. Alinieleza tukiwa tumesimama pale nje, kwenye jua, watu wakitupita na magunia. Waliiomba ile bima nyingine. Mume alipelekwa kupimwa, ikaonekana presha, ikaonekana moyo, ikaonekana umri, na kampuni ikamkataa. Gari nalo lilipelekwa kukaguliwa, breki, matairi, injini, likapita. Akasema mumewe alicheka sana siku ile. Alisema, basi tutasafiri kwa afya ya gari.

Ndege ya wagonjwa tuliuliza bei yake. Bosi ndiye aliyepiga simu. Alipoweka mkonga alitikisa kichwa, akaenda kusimama dirishani.

Cheti cha macho kilipatikana, Nairobi wakakubali. Dereva wao angekuja kwa basi, achukue gari Momela, alipeleke Mombasa, likapande meli. Wakala alinipa habari hiyo kwa furaha ya kweli, na mimi nikampelekea mama wodini kama mtu anayebeba zawadi asiyojua aiweke wapi. Alikuwa akimlisha mumewe uji kwa kijiko. Ukimwingia kidogo, mwingi ukirudi kidevuni. Alisikiliza mpaka mwisho, akamfuta, akasema, "Vizuri. Gari litafika." Kisha akaendelea na kijiko.

Mzee alikufa mchana wa mvua. Nilikuwa nimeenda kununua maji. Niliporudi walikuwa wameshamfunika, na mama alikuwa ameketi pale pale, na bakuli mapajani.

Ilinibidi nipige tena Nairobi, maana hati ilisema dereva akiugua, wala haikutaja dereva akifa. Naona haya hadi leo kwamba hilo ndilo lililonipeleka kwenye simu. Wakala alisema pole. Akashusha pumzi. "Haibadilishi kitu," alisema. "Dereva hayupo ni dereva hayupo. Gari litarudi."

Mwili ulikuwa jambo jingine. Jeneza la bati la kuziba, dawa, vibali, ndege: kila mlango tuliobisha ulifunguliwa na mtu mwenye huruma, aliyetutajia gharama. Mwishowe mama akaniuliza kama nchini kwetu mtu anaweza kuzikwa bila kuwa na kwao.

Nilipanda kijijini Akheri jioni hiyo, nyumbani kwa wazazi wangu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Nilimkuta akipalilia migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekuja katikati ya juma? Kuna nini?"

Nikamweleza yote. Mama yangu alisikia akiwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi.

"Ngoja nielewe," alisema. "Gari limepata mtu wa kulirudisha. Mwenye gari hakupata?"

"Ndiyo, mama."

"Nani aliyepanga hivyo?"

Kwetu Wameru mtu hurudi. Hata aliyefia mgodini, hata aliyefia Dar, watu huchanga, huazima gari la ndizi, humleta alale kwenye shamba lake. Baba alifuta jembe kwa majani, polepole.

"Mkristo?" aliuliza.

"Mkewe anasema walibatizwa wote wawili."

"Basi nitazungumza na wenzangu."

Wazee wa kanisa hawakukubaliana upesi. Mmoja aliuliza ni nani atakayeitwa kujibu kama ndugu zake wakija kudai. Mwingine alisema ardhi haitoshi hata kwa wenyewe. Baba aliniambia baadaye kwamba yeye alisema neno moja tu: maiti iko mjini, na sisi tunajadiliana tukiwa tumeketi. Walimpa nafasi nyuma ya kanisa, karibu na makaburi ya wamisionari wa zamani.

Siku ya mazishi dereva kutoka Nairobi alifika na lile gari. Alikuwa ametoka nalo Momela, na badala ya kungojea Tengeru barabara kuu kama alivyoelekezwa, alilipandisha mpaka kanisani, likikwaruzwa na migomba pande zote mbili. Alishuka, akavua kofia. Nilimwona mama yule akiligeukia gari, na kwa dakika nzima nikadhani anangoja mtu mwingine ashuke.

Watu walikuja wengi. Wanawake walipika ndizi na loshoro, mahindi ya kuchemsha yenye maziwa, kama kwa mtu wao. Kwaya iliimba. Mama yule alisimama katikati yao, mrefu, amefungwa kanga ya mama yangu juu ya gauni lake. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wote wanamjua?" Nikamwambia hapana. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza niliyoiona.

Mama yangu alimtaka abaki mpaka siku ya kuondoa matanga. Dereva ndiye aliyejibu, akiangalia chini.

"Mama, nisamehe. Meli haitungojei. Ikituacha, bima hailipi tena."

Kwenye gari palikuwa na kiti kimoja cha abiria kilichokubaliwa na bima. Asubuhi iliyofuata mama yule alipanda, akafunga mkanda, akatazama mbele. Niliwasindikiza mpaka barabara kuu. Waligeuka kuelekea Kikatiti na Moshi, mapazia ya maua yakitikisika, na nilirudi ofisini kwa miguu kipande kirefu kwa sababu sikutaka kuongea na mtu.

Tulipata kadi yake Krismasi. Gari lilifika salama, hata sahani hazikuvunjika. Analala ndani yake, uani kwa dada yake, haliendi popote. Kadi nyingine ilikuja mwaka uliofuata, kisha hazikuja tena.

Kampuni binafsi za bima zilipofunguliwa kwetu, bosi alichukua uwakala na mimi nikawa muuzaji. Sikuwa muuzaji mzuri. Mtu akija kukatia bima Hiace yake nilimuuliza, na wewe je? Wengi walicheka. Mmoja aliniambia, "Dada, mimi sikununuliwa kwa mkopo. Gari ndilo lililonunuliwa, na benki inadai bima yake." Nikamjazia fomu.

Miaka ilipita, kahawa ikapoteza bei, watu wakang'oa mibuni na kupanda nyanya. Kanisa likakua. Usharika ukaamua kujenga ukumbi, na mchoro ulipita juu ya kaburi la yule mzee. Wamisionari walikuwa na ndugu huko kwao walioandikiana na usharika, wakaachwa walipo. Kwa ajili yake tuliandika kwenye anwani ya kadi za mkewe, hatukujibiwa. Baba alikuwa mkongwe tayari, lakini alikataa vijana wafanye peke yao. Walichimba taratibu, wakamkusanya kwenye sanduku la mbao, na baba akasema atalibeba yeye.

Nilikuwepo. Nilimwambia, "Baba, acha tukusaidie, utaanguka."

"Si mzito," alisema. "Njoo ushike. Si mzito hata kidogo."

Tulimzika tena pembeni, chini ya uzio, mahali ambapo maji ya mvua hupita.