Ngumi ya Dafroza

Kule Mwigobero, Musoma mjini, Dafroza alijulikana kwa mapanki. Viwanda vya samaki vilipokuja, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaachiwa mifupa na vichwa, ndiyo hayo mapanki. Basi Dafroza akaikaanga mifupa hiyo akasomesha watoto wanne. Mwanamke wa maneno yule, haogopi mgambo wala mafuta ya moto! Lakini mwaka tisini na saba tumbo lilianza kumchoma, chakula kikawa hakipiti. Kila mtu akamwambia ni vidonda tu, anywe maziwa. Yeye hakujidanganya. Mama yake mzazi alianzaga hivyo hivyo.

Mama alifia Kiriba mwaka themanini na tatu, enzi za foleni za sabuni. Aliugulia nyumbani mwaka mzima, mwanawe mkubwa Masatu, kaka yake Dafroza, akimtafutia mizizi ya huyu na yule, mpaka tumbo likawa gumu kama ubao. Ndipo akapelekwa kupasuliwa, na hakumaliza mwezi. Ukoo mzima ukakata shauri kwamba kisu ndicho kilichomuua, maana uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Masatu, mvuvi mwenye sauti ya kuitia mitumbwi iliyo mbali, aliapa kaburini kwamba chuma hakitagusa tumbo jingine la nyumba yao.

Kwa hiyo habari zilipofika kwamba daktari Felisian, aliyesomea Ujapani, yuko hospitali moja ya misheni upande wa Bunda na mpira wa kutazama tumbo kwa ndani, Dafroza alikwenda kwa sharti. Kutazamwa tu, basi. Masatu angesimama karibu, na kwa kuwa mdomo ungekuwa umezibwa, dada angekunja ngumi akitaka kutolewa.

"Ngumi tu, mdogo wangu," Masatu alimwahidi. "Nitakutoa hata kwa kupigana."

Loo, hofu ile usiombe! Walimpulizia dawa kooni kukafa ganzi, wakamlaza ubavu wa kushoto, wakamtia kidude cha plastiki kati ya meno. Mpira ukashuka, mweusi, mnene kama kidole, na taa kwenye ncha. Machozi yalimtoka, udenda ukalowanisha shuka, akaianza Salamu Maria asiimalize. Alijiona anakufa mbele ya watu huku akitoka udenda, aibu juu ya mauti.

Daktari, jicho likiwa kwenye tundu la kutazamia, akausimamisha mpira ghafla. Kisha daktari akaomba rangi ya bluu, akaipitisha ndani ya mpira, akieleza taratibu kwamba rangi hiyo hujikusanya pembeni mwa kitu ikaonyesha mipaka yake. Kitu kipo, akasema. Kidogo kama punje ya hindi, bado kiko juu juu kwenye ukuta wa tumbo. Angeweza kukikata saa hiyo hiyo kwa kitanzi cha waya kupitia mpira huo huo, bila kupasua. Kikiachwa kitaota mizizi.

Waya ni chuma. Dafroza akakunja ngumi.

Masatu akaja kifua mbele. Daktari hakubishana naye. Mpira ulikuwa na tundu la pili, la wanafunzi, akamwambia atazame kwanza. Mvuvi akainama. Akatazama, akatazama tena, na Dafroza akamngoja huku kucha zikimchoma kiganjani. Alipopiga magoti kando ya kitanda, ile sauti ya kuitia mitumbwi haikuwapo.

"Ni kadogo, Dafroza. Nimeona mwisho wake pande zote," akasema. "Lakini tumbo ni lako. Ukiendelea kukunja, nakutoa sasa hivi."

Dafroza alimwona mama kwenye jeneza. Hofu haikupungua hata chembe, asikudanganye mtu. Ilikuwa pale pale alipofungua kidole kimoja, na kingine, mpaka kiganja kikawa wazi.

Alisikia kitu kikivutwa ndani, basi. Daktari akasema kimetoka chote, kitapelekwa kupimwa, na yeye atarudi kutazamwa tena.

Jioni waliketi kwenye benchi nje ya wodi. Koo likimuuma, Dafroza alimuuliza kaka yake ameona nini mle ndani hata akaishiwa nguvu vile. Masatu akaitazama mikono yake, ile iliyomletea mama mizizi mwaka mzima.

"Nimeona kwamba si kisu kilichomuua mama," akasema.