Kuku Yenye Nilimupa Mwenye Kununua Etaje

Kwetu, ku mashamba ya kando ya Oicha, mutu mwenye analima udongo wa mwingine analetaka muhako. Ni kuku, ao mbuzi kama mavuno ilikuwa muzuri. Unaibeba na mikono mbili, unaipatia mwenye udongo mbele ya batu, na akiipokea, basi, uko mutu wake. Akikufa, unapeleka muhako kwa mwenye alibakia pa fasi yake. Akiuzisha, unapeleka kwa mwenye alinunua. Udongo unapita mu mikono ya batu, lakini mwenye kulima anabakia na jembe yake. Hii njo sheria yenye najua. Masomo yangu iliishia ku mwaka wa tatu wa primere.

Ile mashamba, bale baasi ba mapanga balituondoa. Bwana yangu alibakia kule mu kakao. Nilikimbia na batoto mupaka Beni, na Beni ilipochafuka, mupaka Butembo. Basi nikisema sikutaka kuhama tena, mujue ni mutu gani anasema.

Butembo nilipata vyumba mbili ku etaje, nyumba ya gorofa, kule juu ya mulima kwenye baridi. Chini ni maduka ya misumari na mabati. Juu tuko siye balokatere, benye kulipa kodi. Ni kichekesho: mabati inajaa chini, na juu ya kitanda yangu paa inavuja. Kila mvua nilikuwa naweka beseni. Muzee mwenye nyumba alikuwa anasema, "Mama, jua ikitoka tu, nitatuma fundi." Alikufa mbele ya jua kutoka. Tulimulilia kwa kweli, alikuwa mutu.

Sasa balioniuma. Majina naacha, lakini kidole sitaficha. Wa kwanza ni mutoto mukubwa wa ule muzee, ule mwenye alikuya na miwani nyeusi wakati viti vya matanga bado viko mu lupango ya nyumba. Wa pili ni komisionere yake, dalali mwenye alikuwa anakula kwa mwenye kuuzisha na kwa mwenye kununua. Wa tatu ni ule mukubwa wa kartye, wa mutaa yetu, mwenye aliweka sinyatiri ku karatasi kwamba alituita akatueleza yote. Uongo. Ngazi yetu haijui kiatu yake.

Mutoto wa muzee alisimama mu kulwari, katikati ya milango yetu, akasema, "Bamama, nyumba inauzishwa. Mwezi hii ikiisha, kila mutu na vyombo vyake."

Jirani yangu, bibi ya musoda wa jeshi, mutu wa mbali, wa Ekwateri, alimuuliza, "Na garanti yetu, papa, ile feza ya kuingilia?"

"Mulipatia baba yangu. Muende mumuulize yeye."

"Ku kaburi?"

"Ata ku kaburi."

Ile neno, siku ya kufa nitakuwa ningali naisikia. Komisionere naye alikuwa anapita na chaki, anachora alama ku milango yetu. Bibi ya musoda alimupigia mikono: "Eh, mwalimu! Dikte imeisha? Utukosoe sasa!" Tulicheka, lakini kicheko ilikauka mbio. Nilimuonyesha mutoto wa muzee beseni yangu. Alisema, "Unatoka, paa unaitakia nini?"

Kisha balituambia siku ya mununuzi kukuya, wote tutoke, twende ku soko ao ku misa, fasi yoyote, juu ule mukubwa mwenye kununua anapenda kuona nyumba kimya. Nilishuka kununua chumvi, nikauliza wa duka, "Mwenye kununua ni nani?" Akasema, "Muzee mumoja wa Lubero, muchuruzi wa viazi na maharagi."

Wa Lubero! Siku ile nililala vizuri. Mutu wa Lubero anasema Kinande kama miye, anajua muhako.

Nilikuwa na kuku moja, inataga. Iliniuma, lakini nilifunga miguu yake na kipande ya kitenge. Wengine walitoka; mi na bibi ya musoda tulibakia nyuma ya mulango. Tukasikia viatu ku ngazi. Mutoto wa muzee alikuwa anasema, "Balokatere? Bote balikubali, balirudishiwa garanti yabo, bako mu kuhama."

Njo nilifungua. Yule muzee wa Lubero alikuwa na kabuti na buti ya matope, kama mutu mwenye ametoka ku shamba. Nilipiga goti, nikamusalimia mu Kinande, nikanyoosha kuku na mikono mbili.

"Muzee, hii ni muhako. Nilikuwa mutu wa ule marehemu. Leo niko mutu wako."

Mikono yake ilitoka yenyewe. Mutu mwenye alikomalia ku milima ile, ukimupa kuku namna ile, anapokea mbele ya kuwaza. Na kinywa ikasema, "Wasingya." Ni kusema asante. Kisha akaangalia kuku. Akaniangalia miye.

"Mama," akasema, "umenikamata."

Komisionere akaruka: "Rudisha hiyo kuku! Hapa ni ville, hapana kijiji!"

"Nirudishe muhako?" muzee akamuuliza. "Unataka mvua inyeshe mawe ku viazi yangu?"

Bibi ya musoda, mwenye muhako hajawahi kuisikia, alikimbia mu jiko yake, akarudi na kifungo ya sombe, majani ya muhogo. "Nzambe na nga, Mungu yangu, muzee, kuku sina! Pokea hii!" Muzee akacheka mupaka kofia ikaanguka, akapokea na sombe. Kisha akageukia mutoto wa marehemu, na hapo hakucheka.

"Uliniambia balirudishiwa garanti."

Mwenye miwani nyeusi akamuonyesha komisionere na kidole.

Muzee akatupeleka siye bote ku biro ya serikali ya mambo ya nyumba. Lakini ule wa biro hakushangaa. Alisema nyumba ikiuzishwa, mapatano ya lokatere hayakufi. Mwenye kununua anaingia pa fasi ya mwenye kuuzisha, na garanti ni mambo yake. Akitaka nyumba yake, aandike mbele, apatie batu miezi ya kutafuta fasi ingine. Nilimuambia, "Papa, hii mbona naijua tangu utoto." Alifikiri namutania.

Mutoto wa muzee tunakutanaka naye ku soko. Anapita ngambo ingine ya njia. Apite tu. Ile neno ya kaburi sijamusamehe, na padri akiniuliza ku konfeso nitasema hivyo hivyo.

Lakini muhako iko na pande mbili: mwenye anakula, anachunga mwenye alileta. Mvua ya kwanza nilimutumia muzee habari: "Kuku ulipokea, paa inavuja." Alituma fundi na mabati ya palepale chini, akanitumia na neno: "Muambie mama, kuku yake ingali inataga."

Asubuhi hii mvua inapiga. Beseni niko naloweka ndani maharagi.